Mwanafunzi anaanza kupotea: mwongozo kamili wa kumshika kabla hajaacha shule

Tuelewane kitu kimoja kwanza. Mwanafunzi haachi shule siku moja. Hamna mtoto anaamka Jumatano anasema leo nimeacha. Anaacha kidogo kidogo, wiki hii hayupo siku moja, wiki ijayo mbili, akija anakaa nyuma kabisa karibu na dirisha, daftari moja la masomo yote, halafu siku unauliza "fulani yuko wapi jamani" darasa zima linacheka. Ukiona wanacheka hivo ujue wao walishajua zamani, wewe ndo wa mwisho kupata habari.

Mimi nafundisha jiografia shule ya kata, hii kazi ya malezi na unasihi nilipewa kwenye kikao tu kwa sababu "watoto wanakupenda mwalimu", semina sikupewa wala kitabu sikupewa. Kwa hiyo haya ninayoandika mengi nimeyajua kwa kukosea, na mengine ni sheria na taratibu ambazo kila mwalimu Tanzania anatakiwa azijue ila wengi tunazisikia juu juu. Mzazi au mlezi ukisoma utapata chako humu. Na nikisema mwanafunzi aliye hatarini simaanishi mtoro peke yake, namaanisha na mjamzito, anayebeti, anayevuta, anayepigwa nyumbani, aliyefiwa, anayeshinda njaa, na yule mkimyaaa ambaye hasumbui mtu yeyote, huyo ndo tunamsahau kabisa.

Hatua ya 1: Anza na rejista, sio na fimbo

Rejista ya mahudhurio tunaidharau sana. Wengine (nilikuwa mmoja wao) tunaijaza Ijumaa jioni kwa kukumbuka kumbuka, au tunampa kiongozi wa darasa aijaze, na kiongozi anamwekea rafiki yake tiki wiki nzima. Acha hiyo. Iite mwenyewe asubuhi, dakika tatu tu, na uite kwa majina huku unaangalia sura.

Halafu mwisho wa wiki mbili kaa nayo chini. Usihesabu tu siku ngapi hakuja, angalia SIKU GANI.

Nilikuwa na kijana wa kidato cha pili, tulishamchapa mara mbili kwa utoro, na kila akiulizwa alikuwa anasema "nilikuwa naumwa mwalimu". Jioni moja nikakaa na rejista nikashusha kidole kwenye mstari wake, Alhamisi hayupo, Alhamisi hayupo, Alhamisi hayupo, Alhamisi yupo (hiyo mvua ilinyesha), Alhamisi hayupo. Malaria gani hiyo inayokuja Alhamisi kwa Alhamisi? Alhamisi kwetu ni siku ya gulio. Kesho yake nikamwita nikamwambia nionyeshe viganja, akasita, akafungua. Vidole vyote vina sugu kwenye maungio, na kidonda kimoja kibichi kwenye kiganja cha kulia kimefungwa kitambaa cha sare. Alikuwa anasukuma mkokoteni wa mizigo ya wafanyabiashara, anapata elfu mbili au tatu, anapitia dukani ananunua unga kilo moja na sukari ya kupima anapeleka nyumbani. Mama yake alikuwa kitandani tangu mwezi wa tatu. Na sisi tukamchapa mara mbili.

Tangu hapo nina kanuni yangu: siku tatu bila taarifa ndani ya wiki mbili, napiga simu nyumbani, sisubiri mwezi. Na ili upige simu lazima uwe na namba, sasa zile namba za kwenye fomu za kujiunga nusu yake hazipatikani ikifika Aprili. Januari kila mtoto achukuliwe namba mbili, ya mzazi na ya jirani au ndugu anayeishi karibu. Ya jirani ndo itakuokoa.

Hatua ya 2: Ishara ambazo hazipo kwenye rejista

Kuna anayekuja kila siku na bado anapotea. Angalia anayelala darasani kipindi cha kwanza (huyo usiku halali, jiulize anafanya nini au anafanyiwa nini). Anayevaa sweta jua linawaka na hataki kukunja mikono. Aliyekuwa na marafiki watano sasa anatembea peke yake. Mwenye hela au simu ya ghafla ambayo nyumbani kwao haiwezi kutoka. Binti anayekosa siku nne tano kila mwezi, huyo mara nyingi ni suala la pedi tu na choo kisicho na mlango wala maji, na hilo linatatulika kwa hela ndogo kuliko posho ya kikao kimoja cha bodi ya shule.

Ila ishara ninayotaka uikazie macho ni ya kidato cha kwanza. Mtoto amesoma msingi miaka saba kwa Kiswahili, mathe anapasua, historia anaelezea mpaka unasikia raha, Januari anafika sekondari kila kitu Kiingereza. Ile kozi ya kuwazoesha lugha mwanzoni inapita haraka, mwezi wa tatu tumeshaingia kwenye silabasi na mtoto hajui hata kuomba ruhusa ya kutoka. Anakuwa bubu. Mwalimu anaandika "mzito". Wenzake wanamcheka alivyotamka neno. Anaanza kuchelewa makusudi ili kipindi cha kwanza kimpite, halafu vipindi viwili, halafu siku nzima. Ukimfuatilia nyumbani utaambiwa mvivu, na wala sio mvivu, ana aibu.

Dawa yake: mruhusu ajibu kwa Kiswahili kwanza, likishaeleweka mgeuze jibu lake pamoja, darasa zima mkiandika. Mpe maneno kumi ya mada kabla mada haijaanza. Mkalishe na mwenzake anayejua na ambaye sio mcheshi wa kuchekea watu. Najua kuna wakuu wa shule wataguna ukisema Kiswahili darasani la sekondari, waache wagune, mtoto anayejibu kwa Kiswahili ni bora mara mia kuliko aliyekaa nyumbani.

Kidato cha pili kuna upimaji wa taifa, asiyefaulu anarudia. Kuanzia mwezi wa nane utaona wale wanaojijua hawawezi wanaanza kupungua. Usisubiri Novemba.

Hatua ya 3: Mazungumzo ya kwanza

Hapa ndo tunaharibu. Tunamwita mtoto ofisi ya walimu, walimu sita wamekaa wanasahihisha na kunywa chai, anapigishwa magoti, anaulizwa kwa sauti "kwa nini hukuja jana?" Unategemea aseme baba ananipiga? Mbele ya mwalimu wa hesabu anayetafuna muhogo?

Tafuta mahali mnapoonekana lakini hamsikiki. Mimi natumia benchi chini ya mwembe, kila mtu anatuona na hamna anayesikia. Hii ni kwa usalama wa mtoto na wako pia, hasa mwalimu wa kiume na mwanafunzi wa kike, usimwite chumbani, usimwite nyumbani kwako, usiongee naye kwa meseji usiku. Kama anahitaji kuongea na mwalimu wa kike mpeleke kwa matroni, usijione umeshindwa.

Usianze na "kwa nini". Anza na ulichokiona: "Alhamisi sikukuona, nikakukumbuka." Basi. Halafu nyamaza. Kunyamaza ni kugumu kwa mwalimu, tumezoea kuongea dakika arobaini, ila jikaze. Atasema "hamna kitu mwalimu". Usimbane. Sema sawa, kesho nitakuwepo hapa hapa saa nane. Wengi wanarudi mara ya pili au ya tatu, wanapima kwanza kama stori yao itafika ofisini.

Na kabla hajaanza kusimulia mwambie ukweli huu: "Utakachoniambia sitakitangaza, ila kama kuna mtu anakuumiza au unataka kujiumiza itabidi nimwambie mtu mmoja wa kutusaidia, na nitakwambia wewe kwanza kabla sijamwambia." Usimuahidi siri ya milele. Ukimuahidi halafu ukalazimika kuripoti, umemfundisha kwamba watu wazima wote waongo.

Vitu vya kuacha: mahubiri, "angalia wenzako", "wazazi wako wanahangaika we unachezea", na ile ya kumtisha na kidato cha nne.

Kuhusu viboko najua tutabishana. Kanuni za Tanzania zinasema visizidi vinne, achape mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, na iandikwe kwenye daftari. Sasa jiulize ni mara ngapi umeona hiyo ikifuatwa. Ila hata ikifuatwa, mimi kwa mtoro sichapi tena. Mtoto amekosa siku tatu, anajua akirudi kuna fimbo, atakosa na ya nne. Unamsindikiza mlangoni mwenyewe.

Jambo moja zito. Mwanafunzi akisema amechoka kuishi, au anagawa vitu vyake, au wenzake wanakwambia ameandika barua, muulize waziwazi: "Umefikiria kujiua?" Kuuliza hakumpi wazo, kama analo unampa nafasi ya kulitoa. Usimwache peke yake hata dakika tano, usimpe adhabu, usimwambie ni dhambi (anajua). Ita mzazi au mlezi anayemwamini, mpelekeni kituo cha afya au hospitali ya wilaya siku hiyo hiyo, na nyumbani waondoe sumu za shambani na dawa alipo. Sio jambo la "tutaongea Jumatatu".

Hatua ya 4: Jua tatizo ni la aina gani

*Njaa, umbali na mageto.* Ada ya shule za serikali za kutwa, ile elfu ishirini kwa mwaka, iliondolewa Januari 2016, kwa hiyo wengi mjini wanadhani shule ni bure kabisa. Sare, viatu, madaftari, chakula, nauli, hivyo bado vipo. Mtoto anatembea kilomita saba kuja na saba kurudi na tumbo tupu, unamuuliza tabaka za angahewa.

Kwa sababu ya umbali wengine wanapangishiwa vyumba karibu na shule, wenyewe wanaita geto. Nilienda kuona geto la mabinti watatu wa kidato cha tatu. Chumba kimoja, godoro moja la inchi nne, jiko la mkaa ndani, ndoo, gunia la mahindi limebaki robo, na mlango unafungwa kwa kamba ya katani. Mzazi yuko kilomita ishirini, anakuja mwisho wa mwezi. Nikawauliza unga ukiisha kabla ya mwisho wa mwezi mnafanyaje. Wakaangaliana. Mmoja akasema "tunakopeshwa". Na nani? Kimya. Nje ya ile nyumba kuna kijiwe cha bodaboda. Sihitaji kumalizia.

Kama shule yako ina watoto wa geto, wiki hii hii fanya orodha: nani, nyumba ya nani, wangapi kwa chumba, simu ya mwenye nyumba. Tafuta mama mmoja wa mtaa huo, mtu mzima anayeheshimika, awe anapita jioni. Mwenye nyumba aweke komeo. Hivyo viwili havihitaji bajeti. Baada ya hapo ndo upeleke hoja ya hosteli kwenye bodi, hiyo itachukua miaka, sawa, ipeleke hata hivyo.

Chakula cha mchana: kikao cha wazazi kikubaliane debe la mahindi na maharage kidogo msimu wa mavuno, sio hela, na sio Februari wakati ghala tupu. Na mtoto ambaye kwao hawajatoa ASIRUDISHWE nyumbani, serikali ilishakataza kumrudisha mwanafunzi kwa sababu ya mchango, mwenye deni ni mzazi. Kaya maskini kabisa ulizia kwa mtendaji wa kijiji au mtaa kama zimo kwenye mpango wa TASAF, ule mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, zile ruzuku zina sharti la mahudhurio kwa hiyo mtoro anaweza kuwa anaikosesha hela familia nzima bila wao kujua.

*Kubeti na kuvuta.* Vijana wa kiume hawa. Zile mashine za sarafu, dubwi, zimejaa kila duka la mtaani, na mikeka (kubashiri matokeo ya mechi) wanaweka kwenye simu kwa laini ya kaka. Sheria inataka mchezaji awe na miaka 18 na zaidi, kwa hiyo mwenye duka anayemruhusu mtoto mwenye sare acheze unaweza kumripoti serikali ya mtaa, na ukienda na mwenyekiti mara moja tu mashine inahamishwa. Kwa mtoto mwenyewe usianze na "kamari haramu". Chukua karatasi, mwambie aandike wiki nne alizoweka na alizopata. Mimi nilimfanyisha kijana mmoja hiyo hesabu, alikuwa anajiona mshindi kwa sababu alikumbuka siku moja aliyokula elfu arobaini, alipojumlisha akanyamaza kama dakika mbili. Hakuacha siku ile, nisikudanganye. Aliacha baadaye alipopata kazi ya kushinda karakana ya baiskeli jioni. Muda mtupu ndo unaowapeleka kijiweni. Kwa bangi, ugoro na kuberi (tumbaku ya kuweka mdomoni), ulizia anavuta na nani na saa ngapi, mara nyingi ni njiani kurudi, na ukimbadilishia kundi la kutembea nalo umeshapunguza nusu. Aliyezama kabisa ni mgonjwa, apelekwe hospitali, sio mstarini.

*Mimba.* Hapa walimu wengi bado wako nyuma. Waraka wa Elimu namba 2 wa mwaka 2021, uliotoka Novemba, unaruhusu wanafunzi waliokatisha masomo kwa sababu mbalimbali, mimba ikiwemo, kurudi kwenye mfumo rasmi. Ile ya zamani ya kumfuta na kumsahau imepitwa. Kwa hiyo binti akijulikana ni mjamzito kazi yako ya kwanza sio kumwandikia barua ya kumuaga, ni kumwambia "utarudi, na tunaanza kupanga leo utarudije". Kliniki aanze mapema. Nyumbani nani atabaki na mtoto? Atarudi shule hii au nyingine ambako hawamjui? Usimtangaze mstarini, usimfanye mfano. Na aliyempa mimba: marekebisho ya Sheria ya Elimu ya 2016 yanasema miaka 30 jela kwa anayempa mimba au kumuoa mwanafunzi wa msingi au sekondari. Familia zitataka kumalizana kwa ng'ombe au kwa bahasha. Usiwe shahidi wa bahasha.

*Ukatili.* Kabakwa, kalawitiwa, anapigwa kupita kiasi. Hapa fuata mpangilio, usibuni:

1. Msikilize mara moja, mwamini, usimhoji kama askari. Andika maneno yake kama alivyosema, tarehe na saa.
2. Usimwite mtuhumiwa "tusikie upande wa pili". Sio kazi yako.
3. Kama ni ubakaji saa zinahesabika. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU lazima zianze ndani ya saa 72, mapema zaidi ni bora zaidi. Asioge, asifue, nguo alizovaa ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi au kanga safi, sio rambo.
4. Hospitali na polisi. Polisi, Dawati la Jinsia na Watoto, ndo wanatoa PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali. Baadhi ya hospitali zina kituo cha mkono kwa mkono, daktari, polisi na ustawi wa jamii wote mahali pamoja, ulizia kilipo cha karibu LEO kabla hujakihitaji.
5. Ofisa ustawi wa jamii ajulishwe. Namba ya bure ya kusaidia watoto ni 116, mtoto mwenyewe anaweza kupiga.
6. Mtuhumiwa akiwa mwalimu mwenzako, au ndugu wa mkuu wa shule, usiishie ndani ya shule. Nenda moja kwa moja ustawi au polisi. Utaonekana msaliti ofisini, chai utakunywa peke yako miezi miwili. Kunywa.

Hatua ya 5: Nenda nyumbani

Simu haitoshi. Nenda, lakini kwa adabu. Mara ya kwanza usiende na mgambo, mgambo ni wa mwisho kabisa. Nenda na mwalimu mmoja, mpitie mwenyekiti wa mtaa au kitongoji mjulishe, piga hodi, ukipewa kigoda kaa, ukipewa maji kunywa. Mzazi akimuona mwalimu moyo unamlipuka, anadhani mtoto kaiba. Kwa hiyo sema zuri kwanza, na liwe la kweli: "Mama, mwanao anachora ramani kuliko wote darasani." Halafu ndo useme, "ila nimekosa kumuona, nikasema nije nisalimie."

Ukikuta ni bibi ndo analea, ongea na bibi. Hao mabibi wanajua kila kitu na hamna anayewaulizaga. Na usiulize "baba yake yuko wapi" mbele ya watoto.

Kwa yule kijana wa gulio nilikuta mdogo wake wa darasa la tatu anapika uji, mama amelala ndani ya chandarua mchana kweupe, na kadi ya kliniki iko juu ya sanduku, alikuwa ameacha kwenda kwa sababu ya nauli.

Hatua ya 6: Mpango mdogo, mtu mmoja

Usiandike mpango wa kurasa tano. Karatasi moja, wiki mbili, vitu vitatu: mwanafunzi atafanya nini, nyumbani watafanya nini, shule itafanya nini. Na jina la mtu mzima MMOJA ambaye ni wake. Sio lazima uwe wewe, anaweza kuwa mpishi, mlinzi, mwalimu wa michezo, yeyote ambaye mtoto akimuona anatabasamu. Kila asubuhi huyo mtu amuone, amsalimie kwa jina. Ukiniuliza kipi kati ya yote haya kimefanya kazi kuliko vingine nitakwambia hiki, na ndicho kinachodharauliwa maana hakina risiti.

Kijana wetu tulikubaliana hivi: Alhamisi anakuja saa moja na nusu kama kawaida, saa sita anaondoka kwa ruhusa ya maandishi aende gulioni mchana, ambako mizigo ya kurudi ndo mingi kumbe. Mwenzake anamwandikia nukuu za vipindi viwili. Mtendaji akampeleka mhudumu wa afya ya jamii kwa mama. Mkuu wa shule alikataa mwanzoni, "tukimruhusu mmoja wote wataomba". Sikubishana, nikamuonyesha rejista tu: kwa mwezi alikuwa anakosa siku nne nzima, sasa atakosa mchana nne. Akasaini. Na hao "wote" hawakuomba.

Baada ya wiki mbili kaeni tena. Kilichoshindikana badilisheni, msilaumiane.

Hatua ya 7: Siku ya kurudi

Aliyepotea mwezi akirudi ile siku ya kwanza ndo inaamua. Mwambie mwalimu wa zamu asimsimamishe mstarini. Waambie walimu wa vipindi wasiseme "oooh leo tumepata mgeni". Najua ni utani, na kwake ni msumari. Awe na madaftari na mahali pa kukaa, kiti chake kisiwe kimeshachukuliwa. Mpe kitu cha kufanya, kugawa vitabu, kupiga kengele.

Shule yenye klabu ya Tuseme au klabu yoyote ya maigizo itumie. Tuseme ilianzia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam miaka ya tisini ikiwalenga wasichana, wanaigiza matatizo yao wenyewe halafu wanajadili, na kwenye igizo mtoto anasema vitu ambavyo benchi la mwembe halitoi hata umkalishe mwaka.

Hatua ya 8: Akishindwa kabisa kurudi darasani

Inatokea. Ana miaka kumi na tisa, ana mtoto, ana aibu ya kukaa na wadogo. Usimuache hewani. Kuna Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, anasoma njia mbadala na kufanya mtihani wa maarifa halafu kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Kuna vyuo vya VETA na vyuo vya maendeleo ya wananchi, ushonaji, umeme, magari. Nenda naye kuchukua fomu. Ukimpa jina la chuo tu hataenda, nauli hana na kuuliza anaogopa.

Kuhusu daftari lako

Daftari la unasihi lifungiwe kabati, tumia namba badala ya majina, na stori za watoto zisiingie kwenye grupu la wasapu la walimu, hata kwa "tuombeane". Nilishaona ya binti mmoja ikizunguka mpaka ikarudi darasani kwake kabla ya mapumziko ya saa nne.

Na wewe mwalimu usibebe watoto thelathini. Wawili watatu kwa wakati mmoja, wengine wagawie wenzako.

Likizo

Wengi tunawapotezea Juni na Desemba, anaenda kwa shangazi mjini kufanya kazi za ndani, anaenda machimboni, ziwani kwa wavuvi, anaozeshwa. Wiki ya mwisho kabla ya kufunga chukua ile orodha yako ya walio hatarini, muulize kila mmoja likizo unaenda wapi na kwa nani, andika na namba. Katikati ya likizo piga simu moja moja, salamu tu, "mwalimu wako huyu, umefikia wapi kwenye ile ramani?" Vocha ya elfu mbili inatosha kwa orodha nzima. Siku ya kwanza shule ikifunguliwa Januari iite rejista mwenyewe, na asiyeitika usisubiri Alhamisi, toka nje mapumziko ya saa nne upige ile namba ya jirani.